Siri za wateja wa Isaka ndani ya kompyuta zilizopitwa na wakati

Makasha yanayopakiwa kwenye treni Dar es Salaam huteremshwa Isaka, katika bandari kavu ya wilaya ya Kahama. Malori huyachukua kuelekea Ushirombo na Lusahunga, na kutoka hapo hadi Rusumo kwa mizigo ya Rwanda au Kabanga kwa mizigo ya Burundi. Kando ya barabara hiyo, katikati ya mama lishe, wauza vipuri na mafundi wa pancha, ipo biashara ambayo mji wowote wa njiani hauwezi kuikosa: steshenari. Chumba kimoja, meza, printa, mashine ya fotokopi, na kompyuta moja au mbili zilizonunuliwa mtumba.

Maisha ya watu yanapita katika chumba hicho. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu. Mchimbaji mdogo anataka nakala ya leseni yake. Wakala wa forodha anachapa nyaraka za mzigo. Mama mjane anaandaa barua ya mirathi. Kila mmoja anaacha kitu kwenye mashine ile: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, picha ya pasipoti, namba ya akaunti ya benki. Wengine wanaacha hata neno la siri la barua pepe, kwa kuwa mhudumu ndiye aliyewafungulia na kuliandika kwenye daftari la dukani.

Mteja huuliza bei ya kuchapa ukurasa mmoja na huuliza kama umeme upo. Ni nadra kuuliza kompyuta ile inaendeshwa na mfumo gani, ulitoka wapi, na mara ya mwisho kurekebishwa ilikuwa lini. Maswali hayo yanamhusu kuliko anavyodhani. Anayewahudumia watu kwa mfumo endeshi wa wizi au uliopitwa na wakati hahatarishi mali yake peke yake. Sehemu kubwa ya hasara humwangukia mteja, ambaye hakuulizwa wala hakuonywa.

Mwisho wa huduma una tarehe

Mfumo endeshi ndio programu mama ya kompyuta au simu. Unasimamia kumbukumbu, mafaili, intaneti, printa, na ruhusa za programu nyingine zote. Hakuna mfumo unaotoka kiwandani bila kasoro. Kasoro hugunduliwa kila mwezi, na kampuni yenye mfumo huo hutoa marekebisho. Microsoft, kwa mfano, hutoa ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Lakini kampuni haihudumii toleo moja milele. Windows XP ilifikia mwisho wa huduma Aprili 8, 2014. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020. Windows 10, ambayo bado imejaa madukani na maofisini kwetu, ilifikia mwisho wake Oktoba 14, 2025, na kuwekewa mpango wa nyongeza wa marekebisho kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, hadi Oktoba 13, 2026. Siku baada ya tarehe hizo kompyuta huwaka kama kawaida, huchapa kama kawaida, na mwenye duka haoni tofauti. Mchimbaji wa Nyarugusu au Kakola ataelewa haraka: duara la mgodi ambalo matimba yake hayabadilishwi tena nalo huonekana zima kwa juu, na watu huendelea kushuka humo kila siku.

Wengi pia hawajui kwamba siku marekebisho yanapotolewa, hatari huongezeka kwa asiyeyapokea. Wahalifu huyachambua, wakajua tundu lilikuwa sehemu gani, kisha wakaenda kulitafuta kwenye mashine ambazo hazijazibwa. Na kwa kuwa matoleo ya Windows hurithiana sehemu nyingi, tundu lililozibwa kwenye toleo jipya linaweza kubaki wazi kwenye la zamani bila mtu wa kuliziba.

Ushahidi wake ulionekana dunia nzima Mei 12, 2017. Kirusi kilichopewa jina la WannaCry kiliingia kwenye kompyuta katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili na kudai malipo ili yafunguliwe. Marekebisho ya tundu kilichopitia yalikuwa yametolewa na Microsoft Machi mwaka huo, takriban miezi miwili kabla. Walioathirika wengi walikuwa na Windows 7 ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa, ila hawakuwa wamesasisha. Nchini Uingereza, taasisi za huduma ya afya ya umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kama nchi yenye wataalamu na bajeti kubwa ilipigwa kwa kuchelewa miezi miwili, tujiulize kuhusu kompyuta ambayo haijapokea marekebisho kwa miaka mitano.

Windo ya kwenye flashi

Kutoka Isaka hadi Kahama, Katoro na Geita mjini, mafundi hutumia maneno yaleyale: kupiga windo. Kompyuta ikiwa nzito, fundi huchomeka flashi yenye nakala ya Windows, anaisimika upya, kisha anaendesha programu ndogo ya kuihadaa ili ijione kuwa ina leseni halali. Ndani ya saa moja au mbili mashine ni nyepesi na mteja anashukuru.

Tuangalie kilichotokea katika saa hiyo. Kwanza, nakala iliyo kwenye flashi haikutoka Microsoft. Imepakuliwa mahali fulani, ikanakiliwa mkono kwa mkono, na hakuna anayejua nani aliigusa njiani. Pili, programu hiyo ya kuhadaa, yaani ya kukraki, huhitaji mamlaka yote ya mashine ili ifanye kazi yake, yaani inaweza kusoma, kufuta na kusimika chochote. Tatu, maelekezo yake mara nyingi huanza na agizo la kuzima kinga ya virusi. Nne, fundi huzima masasisho kwa makusudi, kwa kuogopa kwamba yatagundua leseni ya uongo au yatamaliza bando. Mlinzi ameondolewa getini, mgeni asiyejulikana amepewa funguo zote, na barua za tahadhari zimezuiwa zisifike.

Wahalifu wanaijua tabia hii na wanaitumia. Desemba 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, programu maarufu ya kukraki Windows, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari. Mwaka uliofuata kampuni ya Mandiant ilibaini nakala za Windows 10 zilizotegeshwa na kusambazwa kwenye intaneti ili kupeleleza ofisi za serikali ya Ukraine. Watu walipakua mfumo wakidhani wamepata kitu cha bure, wakasimika jasusi pamoja nao.

Kwa biashara ndogo kuna familia nyingine ya virusi iliyo karibu zaidi, inayojulikana kama STOP au Djvu. Njia yake kuu ya kusambaa ni programu zilizokrakiwa. Hufunga picha, barua na mahesabu, kisha huacha ujumbe ukidai dola 980 za Marekani, zinazopungua hadi 490 kwa atakayewasiliana ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua mafaili yaliyotekwa na aina 148 za kirusi hicho, lakini waliokitengeneza walibadilisha mbinu, na wanaotekwa na matoleo mapya mara nyingi hawana msaada. Mwenye steshenari anaweza kufuta kila kitu, akapiga windo nyingine na kufungua duka kesho yake. Mwanafunzi ambaye nakala pekee ya barua zake ilikuwa pale atafanya nini?

Ipo pia njia ya kimyakimya, nayo ni flashi ya mteja mwenyewe. Nani hajawahi kutoa flashi dukani, akaifungua ofisini, akakuta mafolda yote yamegeuka shotikati? Kirusi hicho kilipanda gari bure kutoka steshenari hadi shule, zahanati au ofisi ya kata. Mashine moja isiyolindwa karibu na stendi inaweza kuchafua kompyuta za mji mzima.

Mji wa mizigo uwe macho zaidi

Isaka inaishi kwa mizigo, kwa hiyo inafaa kukumbuka yaliyoipata sekta hiyo. Juni 27, 2017, wiki chache baada ya WannaCry, kirusi kingine kilichoitwa NotPetya kilianzia Ukraine kupitia programu ya uhasibu na kusambaa duniani. Kilitumia, pamoja na mbinu nyingine, tundu lilelile la Windows. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makasha yake tunayaona hata kwenye barabara zetu, ilisimamishwa. Vituo vyake vya bandari vilishindwa kujua kasha lipi ni la nani na linakwenda wapi. Ilibidi kusimika upya takriban seva 4,000 na kompyuta 45,000, na kampuni ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 250 na 300. Kilichosaidia kuuinua mtandao wake ni nakala moja ya kumbukumbu muhimu iliyosalia katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale kirusi kilipopita.

Julai 2021 zamu ilikuwa ya Afrika Kusini. Mifumo ya shirika la bandari na reli la Transnet ilishambuliwa, na shughuli za makasha Durban na Cape Town zikavurugika kwa siku kadhaa.

Mawakala wadogo wa forodha na wasafirishaji wa Isaka hawana seva 4,000. Wana kompyuta moja yenye ankara, hati za makasha, namba za magari na mawasiliano ya wateja wa Kigali na Bujumbura. Ikifungwa na kirusi, lori linasimama, dereva anaendelea kula posho, na gharama za kuchelewesha kasha zinahesabika kila siku. Na hakuna ofisi ya Ghana itakayowaokoa.

Simu ya mchimbaji

Watu wengi wa ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita hawana kompyuta, lakini wana simu, na simu ndiyo benki yao. Mchimbaji anauza dhahabu yake, analipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, anatuma nyumbani Maswa au Kasulu, na uthibitisho wote unaingia kwa ujumbe mfupi. Programu yenye ruhusa ya kusoma ujumbe wa simu hiyo inajua alichopata, alichotuma, na namba za uthibitisho alizotumiwa na benki.

Tanzania iliwahi kuchukua hatua kali. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia zote kwenye mitandao. Hatari haikuisha, kwa kuwa siku hizi hujificha zaidi ndani ya mfumo wa simu kuliko kwenye umbo lake. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizokuwa zikiwaunganisha watumiaji na huduma za kulipia bila idhini yao. Kampuni mama, Transsion, ilisema programu hizo ziliingizwa na msambazaji katika mnyororo wa ugavi. Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza toleo jipya la Triada lililopachikwa kwenye mfumo wa simu bandia zinazofanana na za kampuni maarufu. Simu ikiwa mpya kwenye boksi, mwizi yumo tayari, na kurudisha mipangilio ya kiwandani hakumwondoi, kwa sababu yeye ni sehemu ya mipangilio hiyo.

Ndiyo sababu kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, kwa fundi yeyote ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Fundi mwaminifu anaweza kukuwekea mfumo aliopakua kwa nia njema, bila yeye mwenyewe kujua ndani yake kuna nini. Vivyo hivyo kwa WhatsApp zisizo rasmi. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za zamani za KitKat mwanzoni mwa 2025, na wenye simu za namna hiyo hushawishika kutafuta matoleo ya mitaani. Mwaka 2021 Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp likiwa limebeba Triada hiyohiyo.

Hata televisheni imeingia. Visanduku vya bei nafuu vya Android vinavyoahidi mpira na filamu bila malipo vingi vinatumia mfumo usioidhinishwa na Google. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0 unaotumia vifaa kama hivyo, na mwezi uliofuata Google iliwashtaki wanaouendesha, ikisema umeteka vifaa zaidi ya milioni 10. Mwenye kibanda umiza anayekiunganisha kisanduku cha aina hiyo na intaneti yake anaweza kuwa anawakopesha wahalifu mlango wa kupitia, bila kujua.

Taarifa za kweli hulisha uongo

Msomaji anaweza kusema: mimi sina siri, nani atahangaika na cheti changu? Jibu lake liko kwenye simu yake. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umemfikia karibu kila Mtanzania. Aliyeutuma hakujua chochote kuhusu mpokeaji. Alitupa ndoano baharini, na bado wapo walionasa.

Sasa fikiria tapeli mwenye jina lako kamili, namba yako ya NIDA, jina la chuo ulichoomba na kiasi cha mkopo unachosubiri. Au tapeli anayejua kwamba jana umeuza dhahabu sokoni Geita na kasha lako limekwama Isaka. Atakupigia akikuita kwa jina, atataja mambo ya kweli, na utamwamini. Utapeli wa kwetu bado unategemea maneno kuliko mitambo, na maneno hupata nguvu yakichanganywa na taarifa sahihi. Kompyuta iliyovuja dukani ndiyo inayomlisha tapeli huyo. Namba ya siri inaweza kubadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA haziwezi.

Sheria ipo

Nchi yetu haiko mikono mitupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azikusanye kwa lengo halali na azilinde zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Mazungumzo mengi kuihusu yamelenga benki, hospitali na kampuni za simu. Steshenari, ambako maombi mengi ya wananchi huanzia, hazijasikika ipasavyo.

Haitoshi kuwatisha wenye maduka. Leseni ya Windows 11 Home inauzwa na Microsoft kwa dola 139, zaidi ya shilingi laki tatu, na kompyuta nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya toleo hilo, ambalo kwa upande wa Intel linataka kizazi cha nane cha vichakataji na kuendelea. Anayemlaumu mwenye duka bila kumwonyesha njia hamsaidii, wala hawasaidii wateja wake.

Njia ya halali na ya bure ipo. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo endeshi isiyolipiwa, inayopakuliwa kwa waliotengeneza wenyewe, na matoleo yake ya huduma ya muda mrefu ya mwaka 2024 yameahidiwa marekebisho hadi 2029. Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 imezikataa. LibreOffice hufungua na kuandika nyaraka za Word na Excel. Kazi hii si ngeni hapa nchini: Desemba 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ni kweli mhudumu atahitaji siku kadhaa kuzoea, printa nyingine zitasumbua, na baadhi ya nyaraka zitahama mistari. Hayo ni matatizo ya wiki moja. Taarifa zilizoibwa ni tatizo la maisha.

La kufanya tangu leo

Mwenye steshenari, fungua mashine yako uangalie ni toleo gani. Kama ni Windows 7 au ya zamani zaidi, iondoe kwenye intaneti na upange kuibadilisha. Kama ni Windows 10 halali, jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza. Usihifadhi nyaraka za mteja baada ya kumaliza kazi yake. Zifute, na pipa la taka ulisafishe jioni kabla ya kufunga. Weka nakala ya mahesabu yako kwenye diski ya nje inayochomolewa ikimaliza kunakili. Daftari la maneno ya siri ya wateja lichome moto.

Mteja, ondoka dukani baada ya kuhakikisha umejiondoa kwenye barua pepe na faili lako limefutwa. Neno la siri la barua pepe uliyofunguliwa na mhudumu libadilishe kwenye simu yako siku hiyohiyo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ujumbe wa utapeli utume 15040. Kabla ya kununua simu, bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume 15090 kuihakiki. Kwenye mipangilio ya Play Store angalia kama kifaa kimeidhinishwa, na kwenye sehemu ya "Kuhusu simu" tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita miaka mitatu, simu hiyo isitunze pesa zako.

Halmashauri ya Msalala, ambamo Isaka imo, na jirani zake Kahama na Geita, zina nafasi ya kufanya jambo rahisi: zinapotoa leseni za steshenari ziwape wahusika mafunzo ya siku moja kwa kushirikiana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, na fundi atakayejifunza kusimika mifumo huru kama Linux atambulike ili wateja wamjue. Ofisi za umma zianze na kompyuta zao wenyewe.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Ikikamilika, mizigo, watu na nyaraka vitaongezeka katika mji huu. Serikali inatumia matrilioni kujenga njia ya makasha. Kulinda taarifa za wenye makasha hayo, na za mwanafunzi na mchimbaji wanaopita dukani, kunahitaji flashi moja safi, bando la kupakulia, na uamuzi wa mwenye kompyuta. Uamuzi huo ufanyike sasa, na wewe msomaji, kabla ya kukabidhi kitambulisho chako kiskaniwe, uliza: mashine hii mara ya mwisho ilisasishwa lini? Una haki ya kujibiwa.